Kitenzi Bila Yambwa

Wasikilizaji wangu! Ninyi wa Sumbawanga mjini, Mazwi, Katandala, Chanji na Kizwite. Ninyi wa Laela, Matai na Namanyere. Na ninyi wa bondeni, Muze na Mtowisa, mnaotusikiliza mkiwa na mashati mepesi huku mkituhurumia sisi wa huku juu kwa baridi yetu, karibuni wote. Jiko likiwa la mkaa, acheni dirisha wazi kidogo, kisha vuteni viti tuzungumze.

Jioni ya leo nina kosa la kuungama, na kosa lenyewe ni kumuua mzee wa watu. Sikumuua kwa panga wala kwa sumu. Nilimuua kwa Kiingereza.

Miaka ya nyuma nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya huku kwetu. Siku moja niliwapa kidato cha pili insha fupi: andika juu ya kitu ulichorithi. Nikawa napita kati ya madawati, mikono nyuma, kama tufanyavyo walimu. Nikafika kwa binti mmoja aliyekuwa na mwandiko mzuri, herufi zimesimama kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Sentensi yake ya kwanza ilisema: “Last year my grandfather passed on.” Yaani, mwaka jana babu yangu alifariki.

Nikasimama. Nikamwambia, “Pole sana, mwanangu.” Nikaligeukia darasa, nikasema mwenzenu ana msiba, inukeni tumkumbuke babu kwa dakika moja. Wakainuka wote, na yeye akainuka, macho yamemtoka. Dakika haijaisha akanyoosha kidole. “Mwalimu, samahani. Babu hajafa. Babu yuko Laela, jana jioni alimpigia mama simu.”

Darasa likaangua kicheko. Nikalichukua daftari nisome sentensi ya pili, ambayo ningeisoma mapema ningejiepushia aibu: “I was very happy.” Nilifurahi sana. Na ya tatu: “Now I dig with it every Saturday.” Sasa nalimia kila Jumamosi. Kumbe ni jembe! Babu alikuwa amemrithisha mjukuu wake jembe, naye mjukuu akalisahau jembe nje ya sentensi. Jembe lilipobaki nje, babu akafa.

Tukae hapo kidogo, maana somo lote la leo limo ndani ya jembe hilo lililosahauliwa.

Kiingereza kina tabia ya kukitia kitenzi mkia. Walimu huviita “phrasal verbs”. Mimi jioni hii nitaviita vitenzi vyenye mkia. Chukua kitenzi “pass”, kupita au kupitisha. Kitie mkia “out”, mtu amezimia. Kitie “by”, mtu amepita njia. Kitie “down”, kitu kimeshuka kutoka kwa wazee kwenda kwa watoto. Kitie “on”, hapo ndipo pana shimo: kikiwa na kitu mbele yake ni kurithisha au kupitisha kwa mwingine, kikikosa kitu ni kufa. “My grandfather passed on his hoe”, babu amerithisha jembe lake. “My grandfather passed on”, babu ametutoka.

Sarufi yetu ina jina la kitu hicho kinachotendwa. Tunakiita yambwa. Basi iandikeni hivi, wanafunzi mnaonisikiliza mkijiandaa na mtihani: “pass on” yenye yambwa ni urithi, “pass on” isiyo na yambwa ni msiba.

Ndugu yake ni “hand down”. Hapa “hand” ni mkono uliogeuzwa kuwa kitenzi, kukabidhi. Ukitafuta maneno haya mawili kila moja peke yake kwenye kamusi utapata mkono, kisha chini, na utabaki unajiuliza kama askari anakuamrisha ushushe mkono. Lakini yakikaa pamoja maana yake ni kukishusha kitu kutoka kizazi cha juu kwenda kizazi cha chini: jina, shamba, hadithi, ufundi, dawa ya tumbo. Badili mkia uone. “Hand over” ni kukabidhi tu, funguo za ofisi au mwizi kwa polisi. Humo hamna uzao wala ukoo. “Hand in” ni kukusanya madaftari mezani kwa mwalimu. “Hand out” ni kugawa karatasi darasani, au mbegu kwa wakulima. Mkono ni uleule mmoja. Mkia ndio unaouambia uelekee wapi.

Wanafunzi wengi huviogopa vitenzi hivi, na siwalaumu. Shule zetu nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto akiingia kidato cha kwanza anaikuta baiolojia kwa Kiingereza, na mikia hii imejificha katika kila ukurasa. Lakini nawaambia ninyi watoto wa Ufipa, uwanda wetu huu, kwamba jambo lenyewe mnalijua tangu mlipoanza kusema. Tofauti ni kwamba Kiingereza hubeba mkia nje ya kitenzi, sisi huubeba ndani.

Sikilizeni sentensi mbili. Ya kwanza: “Babu ameniacha.” Ya pili: “Babu ameniachia.” Nani kati yenu anaweza kuzichanganya? Mtu akikuambia “babu ameniacha”, unampa pole. Akikuambia “babu ameniachia”, unauliza, amekuachia nini? Kati ya msiba na urithi pana irabu moja tu, ile “i” iliyoingia kabla ya mwisho. Kosa la namna hiyo ndilo lililompata binti wa kidato cha pili. Katika Kiswahili asingekosea hata akiwa usingizini. Katika Kiingereza hakuna aliyemwonyesha kwamba kazi ya “i” yetu ndiyo inayofanywa kule na yambwa pamoja na neno “to”.

Vitenzi vyetu vimejaa elimu hiyo. Pokea, pokeza, pokezana. Rithi, rithisha, rithiwa, rithishana. Kwa kiambishi kimoja tumebadilisha nani anatoa, nani anapewa, na nani anabadilishana na nani. Anayevijua viambishi hivi asiogope mkia wa Mwingereza.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliona, ingawa nilikuwa nikilipwa mshahara kulifundisha. Kanuni ya Kiingereza ni kwamba kitu kikitajwa kwa jina unaweza kukiweka baada ya mkia au kabla yake: “he handed down the hoe”, au “he handed the hoe down”. Lakini kikiwa kiwakilishi, kama “it”, hakina hiari. Lazima kiingie katikati: “he handed it down to me.” Ukisema “handed down it”, sikio la Mwingereza linapata kokoto ndani ya wali.

Na sisi tuna katikati yetu. Tunasema “alinirithisha jembe”. Tazama kilichoingia tumboni mwa kitenzi. Si jembe. Ni “ni”, ni mimi, niliyepewa. Jembe limekaa nje. Mwingereza hukiweka kitu katikati, mtu akakaa mwishoni: “handed it down to me.” Mswahili humweka mtu katikati, kitu kikakaa mwishoni. Katika lugha yetu mpokeaji ndiye anayepewa chumba cha ndani.

Na si katika kitenzi tu. Tazama jina tunaloyaita mambo ya wazee. Tuna “mila”, neno lililotoka Kiarabu. Tuna “desturi”, lenye asili ya Kiajemi. Tuna “jadi”, la Kiarabu pia, na huko maana yake ni babu. Haya yote tumeyarithi kwa watu wengine, tukayavalisha kanga, tukayazoea. Lakini tuna neno moja lililozaliwa nyumbani, nalo ni “mapokeo”. Waumini Wakatoliki, ambao ni wengi hapa Ufipa, wanalisikia kanisani: Mapokeo Matakatifu. Mapokeo ni yaliyopokewa. Neno la Kiingereza “tradition” limetoka katika Kilatini, kitenzi “tradere”, nacho maana yake ni kutoa mkononi, kukabidhi. Mlatini aliyatazama mambo ya kale akauona mkono unaotoa. Sisi tuliyatazama tukauona mkono unaopokea. Mkono huo usipokuwepo, mzee ataongea mpaka koo limkauke, na mapokeo hayatakuwepo, kwa sababu hakuna aliyepokea.

Lakini tusijisifu mapema. Kitenzi kilekile cha Kilatini kiliwazalia Waingereza neno jingine, “traitor”, msaliti, mtu aliyewakabidhi wenzake kwa adui. Urithi na usaliti ni ndugu wa tumbo moja. Na sisi? Mzizi wa “pokea” ndio huohuo wa “poka”, yaani kunyang'anya, na wa “pokonya”. Mikono ni ileile. Anayepokea na anayepokonya wote wawili mwisho wa siku wameshika kitu. Hukumu iko katika namna kilivyofika mikononi mwao.

Wafipa wanalijua hilo tangu hadithi yao ya mwanzo. Wengi wenu mmeisikia. Pale Milanzi, au Milansi kwa matamshi ya zamani, palikuwa na mtawala wa kwanza, Ntatakwa. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa ameenda kuwinda. Nyuma wakafika wanawake watatu wageni kutoka mbali. Mke wa mtawala akaingiwa na hofu, akainuka kwenye kiti cha enzi, na mgeni mmoja akaketi. Mume aliporudi na mawindo yake alikuta mambo yamekwisha. Wakapatana: Milansi ibaki na mlima wake, na ardhi yake ya jirani, na heshima yake ya kuombea nchi, nchi iliyosalia iwe ya wale wageni. Kutokana nao ukatokea ukoo wa watawala wa Watwa, na baadaye tawala mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la Nkansi bado tunalo, ndiyo wilaya ya Nkasi.

Mwanafunzi anayetaka kutenganisha vitenzi vitatu vyenye mkia asihangaike na jedwali. Ashike hadithi hii. Mke alipoinuka kitini, hiyo ni “hand over”: alikabidhi. Wageni waliposhika nchi, hiyo ni “take over”: walitwaa. Na pale Milansi, ule ukuhani uliobaki mlimani, kizazi kikakiachia kizazi, hiyo ni “hand down”. Vitenzi vitatu, kiti kimoja.

Hadithi hii na nyingine za Ufipa zilikusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis, aliyeishi huku na kuwasikiliza wazee. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha masimulizi ya Wafipa, na mwaka 1981 kingine juu ya historia ya tawala zao. Vyote ni vya Kiingereza. Sasa fikirini jambo hili. Bibi alisimulia kwa Kifipa karibu na moto. Mgeni akaandika. Leo mjukuu wa bibi yule, aliyezaliwa Sumbawanga mjini na anayejua Kifipa cha salamu tu, akitaka kusikia alichosimulia bibi yake, huenda akalazimika kukitafuta katika vitabu vya Kiingereza. Urithi wake umepita mlango wa nyuma, na mlango huo una kufuli ya vitenzi vyenye mkia. Mtu akiniuliza kwa nini tunawasumbua watoto wa Kifipa na “hand down”, namjibu kwamba sehemu ya mali ya babu yao imewekwa akiba kwenye ghala la jirani, na ufunguo ni huo.

Turudi kwenye jembe la Laela. Siku ile, baada ya kicheko kutulia, nilimwambia binti atueleze babu alimpa vipi. Akasimama mbele ya darasa. Alisema mpini wa jembe umelainika kwa viganja mpaka unateleza kama mwiko, na ubavu mmoja wa jembe umelika, limebaki kama mwezi wa siku chache. Babu hakumpa nyumbani. Alimpeleka shambani, majani yangali mabichi. Akakata kipande cha udongo chenye nyasi, akakigeuza, nyasi zikaingia chini. Akakata cha pili, akakilaza juu ya cha kwanza, vichwa vikaelekea ndani. Binti alikuwa akituonyesha kwa mikono juu ya meza ya mwalimu, anakunja, anapiga kofi kidogo, anakunja tena. “Nyasi ndani, udongo nje,” alisema. “Halafu babu akanipa jembe kwa mikono miwili, akasema, haya, moja la kwako.” Alipomaliza tuta lake la kwanza, babu alilizunguka, akalisukuma kwa mguu. Likabomoka. Akamwambia, rudia.

Wakulima mnaonisikiliza mmeshajua. Hiyo ni ntumba. Ni matuta ya duara yanayofukia nyasi ili zioze, mbolea ikatengenezwa hapohapo shambani. Yanainuliwa wakati wa mvua, mara nyingi maharage hupandwa juu yake, na msimu unaofuata tuta linasambazwa, ulezi unapandwa juu ya ule weusi uliooza. Wataalamu wa kilimo wameandika juu ya ntumba, wakishangaa namna uwanda wenye udongo mchovu ulivyolishwa kwa majani yake wenyewe. Plau ya ng'ombe imeingia, mbolea ya mifuko imeingia, mahindi ya Rukwa yanajaza maghala ya akiba ya taifa, lakini ntumba bado inaonekana Ufipa. Na imefika hapa bila kitabu. Imefika kwa kubomolewa na kuambiwa rudia.

Sasa linganisheni na kitu kingine cha wazee hawahawa. Jembe la zamani la Ufipa halikununuliwa dukani. Chuma kiliyeyushwa hapahapa. Mpaka leo katika maeneo kadhaa ya uwanda huu imesimama minara ya udongo, mirefu kuliko mtu, yenye matundu chini. Hayo ni matanuri. Mnara ulivuta hewa wenyewe kupitia matundu yale, bila mivukuto. Kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuri dogo zaidi lenye mivukuto, ndipo mhunzi akakifua kikawa jembe. Kazi hiyo ilikuwa na miiko, dawa na nyimbo zake, na wenye siri yake walikuwa wachache. Ilipofika enzi ya ukoloni, majembe ya kiwandani yakaja kwa meli, rahisi na tayari. Vijana wakaona hakuna haja ya kukesha tanurini. Mwaka 1958 R. Wise alipochapisha makala juu ya uyeyushaji chuma wa Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, alikuwa akiandika juu ya ufundi wa wazee.

Nyumba moja, ukoo mmoja, vitu viwili. Tuta la nyasi limevuka, tanuri halikuvuka. Wazee wote wawili, wa ntumba na wa chuma, walikuwa tayari kutoa. Sisemi vijana walikosea kununua jembe la dukani. Hata mimi ningelinunua. Nasema tu kwamba mnara wa udongo ukisimama peke yake porini ni sentensi iliyokatika. Una mtenda, una kitenzi, una hata kitu chenyewe. Haukupata “to me”.

Kiingereza kina matumizi mengine ya “hand down” ambayo hayapishani sana na habari yetu. Jaji akitoa hukumu, magazeti ya Kiingereza huandika kwamba ame-“hand down” hukumu, kwa kuwa yeye amekaa juu na sisi tumesimama chini. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya alitoa hukumu ya namna hiyo juu ya urithi wenyewe. Mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani, akasema mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila inayombagua mwanamke hivyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Kabla ya hapo, kanuni za urithi za kimila zilizoandikwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, zilikuwa zimemweka binti kwenye daraja la mwisho la warithi. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kifungu chake cha 20 kinasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu.

Kwa nini nimeleta mahakama kwenye somo la sarufi? Kwa sababu kila nilipowaambia wanafunzi watunge sentensi ya “hand down”, nusu ya darasa waliandika kwamba shamba la baba hushuka kwa wana wa kiume, wavulana na wasichana wakiandika vilevile, bila hata kufikiri. Kitenzi chenyewe hakisemi hivyo. “Down” ni chini tu. Hakitaji nani amesimama pale chini. Tunaojaza jina ni sisi. Na ninyi mnajua kinachotokea katika baadhi ya nyumba, matanga hayajaanuliwa, shemeji wanahesabu ng'ombe na mabati, mjane anaulizwa ataondoka lini. Watu hao husema wanafuata mapokeo. Nimeshawaambia mzizi wa neno hilo unazaa watoto wawili. Wao wameshika yule wa pili.

Kuna neno moja la mwisho la Kiingereza niwape kabla muda haujanipokonya. Nguo ya kaka ikimbana, ikapewa mdogo wake, Mwingereza huiita “hand-me-down”. Wanafunzi hupenda kuitafsiri kuwa mtumba. Siyo. Mtumba wa sokoni hujui aliyeuvaa. Umetoka ng'ambo ndani ya robota; wewe umelipa, umeondoka. “Hand-me-down” ina jina la aliyeivaa. Ukiichana, kuna wa kukuuliza. Jembe la Laela lilikuwa la namna hiyo. Lingenunuliwa jipya kwa bei ndogo, na lingelima vizuri zaidi, maana lile la babu limelika ubavu. Lakini jembe jipya lisingejua kumwambia mtu rudia.

Basi, wasikilizaji wangu, nimalize. Wanafunzi: “pass on” na “hand down” visitembee bila yambwa, na kiwakilishi kikae katikati. “She handed it down to me.” Semeni mara tatu kabla ya kulala. Wazazi na wazee: msitusubirishe mpaka siku ya wosia. Mwenye shamba aonyeshe mpaka wake angali anatembea, na aonyeshe mabinti pia. Mwenye dawa aitaje jina lake. Mwenye hadithi aisimulie kwa Kifipa, hata kama mjukuu anacheka matamshi. Nanyi vijana, nendeni mkaombe. Sarufi yetu imekwisha kuwawekea nafasi tumboni mwa kitenzi, na nafasi hiyo haijazwi na mtu asiyefika.

Na yule binti alisahihisha insha yake siku hiyohiyo. Aliandika: “Last year my grandfather passed on his hoe to me. I was very happy.” Nikampa alama zake zote. Siku alipokwenda Laela nilimtuma salamu kwa babu, na ombi la msamaha kwa kumzika mapema. Babu alijibu kwamba hana kinyongo, ila mwalimu naye, akipata Jumamosi, aende akafundishwe tuta.